Kabla hujanunua betri nyingine, tazama ule waya mweupe

Ijumaa moja jioni aliingia gerejini kwetu Jinja mzee mmoja na familia yake. Walikuwa wametoka Nairobi kupitia Malaba, wanaelekea mbuga ya Murchison, wakivuta trela la kulala. Ndani ya trela kulikuwa na betri mpya, ya pili kwa mwaka huo.

"Fundi, nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zinakonyezana. Na betri ndiyo kwanza nimenunua!"

Betri hatukuigusa. Taa zikianza mchezo huo, ujue umeme umekosa njia ya kurudi, basi unajipenyeza kwenye globu za jirani. Njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi, na kwenye plagi ya duara ya pini 7 ya mtindo wa Ulaya, ethi ni pini ya 3, waya mweupe. Tuliwasha taa, tukaweka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye hasi ya betri ya gari na nyingine kwenye chuma cha taa ya trela. Ikizidi nusu volti, pana kasoro. Yake ilisoma 3. Tukafuata waya hadi chini ya fremu, tukakuta bolti imekazwa juu ya rangi, kutu na vumbi jekundu vimeshikana kama saruji. Tulipiga msasa hadi chuma king'ae, tukakaza upya, tukapaka grisi juu. Dakika 20 tu. Ile betri ya kwanza aliyoitupa huenda nayo ilikuwa nzima, ila hilo sikumwambia. Safari ilikuwa bado ndefu.

Huna mita? Chukua waya mrefu, unganisha hasi ya betri ya gari na chuma cha taa. Taa zikitulia, ugonjwa umeuona.

Betri yenyewe ipime asubuhi, ikiwa imepumzika bila chaji wala mzigo. Betri ya asidi ikisoma volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na kuishusha chini ya hapo kila siku ni kuifupishia maisha.

Wengi huuliza: nimeendesha kutwa nzima, mbona haikujaa? Tazama unene wa waya. Waya wa milimita mraba 2.5 ukienda mita 8 na kurudi mita 8, ukibeba ampea 10, unapoteza kama volti 1.2 njiani. Oltaneta, yaani mashine ya gari inayochaji betri, inatoa volti 14, betri ya trela inapata 12.8, na hiyo haijazi kitu. Tena kama friji ya gesi umeiweka kwenye umeme wa betri, yenyewe inakula ampea 10 au zaidi. Ukiegesha bila kuizima, betri ya ampea-saa 100 inafika nusu kwa saa tano hivi. Ukifika kambini, irudishe kwenye gesi.

Fyuzi iliyoungua ibadilishe kwa ya rangi ileile: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara tunaikuta mahali pa fyuzi mara nyingi kuliko unavyodhani, na waya uliochomwa nayo ni kazi ya siku mbili.

Mwenye trela la Marekani asikilize vizuri zaidi. Vifaa vyake vya umeme wa ukutani ni vya volti 120, na hapa Uganda ni 240. Adapta ya dukani inabadilisha umbo la plagi tu, volti zinabaki zilezile. Bila transfoma ya kushusha, chaja inaungua mara moja. Na trela lolote lililochomekwa kambini, ukiligusa ukahisi linakutekenya, toka, zima kwenye chanzo, usirudi kuligusa mpaka lipimwe. Hilo hatulielekezi kwa simu.

Ukitupigia, tuambie trela limetoka nchi gani na tatizo linaonekana likiwa limefungwa kwenye gari au likiwa peke yake. Njoo na gari linalolivuta, maana nusu ya plagi iko huko. Na tafadhali, ondoa sufuria mbele ya kisanduku cha fyuzi kabla hujafika. Vyombo vya watu tumeshapanga vya kutosha.