Farasi Shimba Hills? Waacheni Mombasa jamani

Mhariri,

Kuna vijana huko mitandaoni wanapigia debe safari za kupanda farasi Shimba Hills, ati mnavuka feri Likoni alfajiri, saa mbili mshafika Kwale mko juu ya farasi mnateremka kwa maporomoko ya Sheldrick. Picha zitatoka poa, sibishi, yale maporomoko ni mita 21 na wale swala wanaoitwa palahala hapa Kenya utawaona pale tu. Lakini hao wapangaji kuna mtu kawaambia habari ya mbung'o, yule nzi anayefyonza damu?

Muulize yeyote wa Kwale mwenye ng'ombe. Na nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, kwa farasi ni mbaya zaidi, inaanza na homa inakuja inapotea, anakula vizuri tu lakini mbavu zinaanza kuonekana, halafu chini ya tumbo kunafura, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Ukiona hivyo ushachelewa, na zile sindano za ng'ombe si zote mwili wa farasi unazistahimili. Kwani enzi za misafara mnadhani wapagazi walibebeshwa mizigo kichwani kutoka pwani mpaka bara kwa kupenda? Wanyama wa kubeba walikuwa wakifa njiani, na mbung'o ndiye alikuwa sababu kubwa.

Msiniambie mtampaka dawa ya wadudu. Inasaidia kiasi lakini inatoka na jasho, na joto letu hili farasi anatota kabla hujamaliza kumfunga tandiko. Tena mbung'o anauma mchana, anafuata kitu kinachotembea na anavutiwa na buluu na nyeusi, ndo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa wewe na jinzi yako ya buluu juu ya farasi mweusi, si ni mtego unatembea huo! Ndovu hata sijawataja, farasi akishtuka na juu yake kuna mgeni hata hatamu hajui kushika, mtamtafutia wapi?

Sisemi watu wabaki pale ufuo wa Pirates, wikendi hakupitiki, watoto, ngamia, mipira, na maji yakijaa ufuo wote umeisha. Mimi naona Bamburi, kwenye ile mivinje iliyoanza kupandwa 1971 juu ya machimbo ya simiti. Kuna kivuli, njia za miguu na baiskeli zilishachongwa, na chini majani ya mvinje yametandika laini, kwato zinapenda. Nairobi wanapanda farasi ndani ya msitu wa Ngong Road, sisi tunashindwa nini? Wenye eneo na kaunti wakae watenge njia moja ya farasi, asubuhi kabla jua halijawa kali, kila kikundi kiwe na saisi, yule mtunza farasi, mbele, mwendo wa kutembea tu hakuna kukimbiza, mavi yazolewe, na wa baiskeli wakitokea nyuma waite mapema, sio kengele ghafla kwenye matako ya mnyama. Kuna watakaosema kwato zitaharibu njia wakati wa masika, na ni kweli, basi mvua ikizidi pafungwe.

Na mliokwisha pokea deposit za watu za Shimba, pesa msirudishe kama hamtaki, wapelekeni wateja wateremke kwa miguu na askari wa wanyamapori wa KWS mpaka maporomokoni, farasi wabaki bandani.

Mpanda farasi,
Kisauni, Mombasa