Barua kwa wanangu mnaonyoosha viungo asubuhi pale Raskazone

Wanangu,

Salaam nyingi. Sare ya uuguzi nilishaivua, ila jicho la wodini halistaafu. Kila Jumamosi nikiwaona mmetandika mikeka karibu na maji, kanga viunoni, moyo wangu unafurahi. Yoga hii ya polepole inawafaa. Wengi wenu mnashinda mmeinamia cherehani au meza ya ofisi, mkirudi nyumbani mnainamia jiko. Mtu akitulia kwenye mkao mmoja dakika tatu au nne, akitoa pumzi taratibu kuliko alivyoivuta, mapigo ya moyo yanapungua na mabega yanashuka yenyewe. Goti langu la kulia ni shahidi. Wanaoniuliza kama ni dini, mimi ninaswali swala tano, na pale mkekani sijaombwa kuamini chochote.

Kinachonifanya niandike ni ile chupa ya maji ya mwarobaini inayozungushwa kabla hamjaanza.

Mwezi uliopita mwenzenu mmoja alianguka. Wengi mlikuwepo. Alikuwa akitokwa na jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanamtoka ovyo. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Mwacheni, mwili unatoa sumu." Wanangu, ile haikuwa sumu. Ilikuwa sukari imeshuka. Alfajiri alimeza kidonge chake cha kisukari, akanywa kikombe kizima cha mwarobaini tumbo likiwa tupu, kisha akafanya mazoezi saa nzima. Kidonge kinashusha sukari, mwarobaini nao unaweza kuishusha, na misuli ikifanya kazi inaitumia ile iliyobaki. Mambo matatu yalikutana ndani ya mtu mmoja ambaye hakuwa amekula hata kipande cha muhogo. Tulimnywesha soda, baada ya robo saa akaniita jina langu. Ingekuwa amelala peke yake chumbani, sijui leo ningeandika barua gani.

Msinielewe vibaya, siichukii mitishamba. Nimelelewa nayo Pangani. Bibi yangu alikuwa na mwarobaini nyuma ya nyumba, mchaichai mlangoni, na mrehani dirishani. Lakini tiba ya bibi ilianza na maswali. Umekula? Una mimba? Mara ya mwisho umeona siku zako lini? Umekunywa nini tangu jana? Alihesabu majani kiganjani mwake, na mjamzito hakumpa mwarobaini hata alie, wala mizizi ya mlonge. Majani ya mlonge aliyapika kama mboga, mizizi ni habari nyingine. Chupa yenu haimuulizi mtu swali lolote. Inapita kwa mwenye presha, inapita kwa anayenyonyesha, inapita kwa binti aliyechelewa siku zake na hajamwambia mtu.

Na ile imani kwamba dawa ya asili haina madhara, niliiona mwaka 2011, watu walipokuwa wakisafiri kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti kwa shilingi 500. Wapo waliorudi wakatupa vidonge vya sukari, wengine vya virusi vya UKIMWI. Niliwapokea wodini baadhi yao. Sitaki kuyarudia niliyoyaona.

Tangawizi ni nzuri kwa kichefuchefu, na kikombe kimoja cha chai hakina neno. Ila anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asile unga wa tangawizi au wa bizari ya manjano kwa vijiko bila kumwambia daktari, maana akijikata damu inaweza kukataa kuacha kutoka. Mafuta ya karafuu yanatuliza jino, lakini yakipakwa matupu yanaunguza ngozi. Ya kuchulia magoti yachanganyeni na mafuta ya nazi, matone machache tu. Dawa ya unga isiyo na jina, inayouzwa kwenye mfuko wa nailoni, msinunue. Nchi hii ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na mganga aliyesajiliwa haoni haya kuonyesha cheti chake.

Hata mikao ina wenyewe. Mwenye presha ya juu au presha ya macho asining'inize kichwa chini. Mwenye mimba kubwa asilale chali muda mrefu, alale ubavu wa kushoto. Mifupa ya sisi wakubwa haipendi kukunjwa mbele kwa nguvu.

Kliniki nako msifiche. Najua kwa nini mnaficha: kuna wahudumu wanaogomba mtu akitaja miti shamba. Nilikuwa mmoja wao nikiwa kijana, na hilo ninalijutia, kwa sababu mgonjwa niliyemgombeza hakuacha kunywa. Aliacha kuniambia. Semeni hata mkigombwa. Tajeni mti, kiasi, na saa mnayokunywa.

Jumamosi ijayo chupa ibaki nyumbani. Nitakuja mapema na tende, ndizi na birika la mchaichai. Kila mmoja ale kwanza. Baada ya mazoezi nitakaa chini ya mti wa mkungu. Njooni mmoja mmoja na kadi zenu za kliniki, vidonge vyote, na kila unga mlio nao kabatini, hata ule mliopewa na mama mkwe. Tutavitandika kwenye kanga, tuviangalie kimoja kimoja.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Tanga