Makocha nao wana riwaya, tupeni safu

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi juzi kuna msomaji mwenzangu kaandika humu kwamba makocha wastaafu wanaotaka kuandika waandike vitabu vya mafunzo, riwaya wawaachie wenye fani yao. Mi nimefundisha netiboli shule za msingi na timu za mtaani huku Temeke mpaka nikastaafu na saivi naandika riwaya, kwahiyo hilo jambo linanihusu kabisa na ntalisemea.

Kocha wa watoto anatembea na kauntabuku. Mle ndani kuna nani kaja, nani hajaja, nani kachelewa na kwanini. Nna ukurasa mmoja hapa nimeandika "C hajaja, mdogo wake anaumwa, mama kaenda sokoni". C ni senta, mchezaji wa katikati. Mazoezi yaliyofuata huyo C kaja na mtoto mgongoni, akatandika khanga pembeni ya mstari akamlaza, akavaa kizibao chake akaingia kiwanjani, na kila mpira ukitoka nje anageuka kuangalia ile khanga. Na C ndo mchezaji anayekimbia kuliko wote, anakatiza kiwanja kizima isipokuwa ile miduara ya kufungia. Sasa msomaji mwenzangu, hii naiweka kwenye kitabu gani cha mafunzo? Mtoto wa hivyo akiacha shule kwenye karatasi inaandikwa utoro, imeisha hiyo.

Ndo maana nimechagua riwaya. Wale watoto saivi ni wamama, wana waume, wana wakwe, siwezi kuchukua maisha ya mtu nikayabandika hadharani na jina lake. Kwenye riwaya nachanganya, mbio za huyu, mama wa yule, msiba wa mwingine, mpaka napata msichana mmoja ambaye hakuna wa kunyoosha kidole akasema ni fulani, lakini kila aliyecheza mchezo huu mtaani atamjua.

Na ukocha unasaidia sana kwenye kuandika, msiuchukulie poa. Kwenye netiboli ukidaka mpira una sekunde 3 tu uwe umeshautoa, ukizidisha unapigiwa filimbi, na kutembea nao hutakiwi, kwahiyo mtu anaamua palepale na kocha unajifunza kusoma macho yake kabla mikono haijafanya kitu. Mhusika wa riwaya ni hivyohivyo, msomaji inabidi aone anachotaka kufanya kabla hajakisema. Kigumu ni kunyamaza. Kocha kazoea kupiga kelele toka pembeni, toa, rudi, mkabe huyo, alafu kwenye riwaya lazima umwache mhusika afanye maamuzi yake hata kama yanakuuma na usimwambie msomaji ajifunze nini. Hilo bado nalipigania kila jioni nikikaa kuandika.

Mchapishaji mmoja hapa mjini aliniambia riwaya ya michezo haiuzi, tena ya netiboli ndo kabisa, eti nibadilishe iwe ya mpira wa miguu niwaweke Simba na Yanga. Iliniuma sana. Simba na Yanga tunawasoma kila siku na mi mwenyewe nina timu yangu, ila wasichana wanaocheza kwenye vumbi nani atawaandika kama sio sisi tuliokuwa nao?

Septemba 2025 Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, yeye na Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili wote wameandikiwa muda uleule 2:09:48, tofauti yao sekunde 0.03. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Lakini matokeo yanakupa muda na medali tu, yale mazoezi ya alfajiri na unga uliokwisha nyumbani na mjomba anayesema kukimbia sio kazi, hayo kwa wanariadha walio wengi yanabaki kwa makocha wao na wanazeeka nayo.

Nafasi zimeanza kuwepo, Serikali imeleta Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, riwaya imo na kinachoshindanishwa ni mswada. Makocha wenzangu pelekeni kazi.

Ila ombi langu kubwa ni kwako Mhariri. Wengi wetu tulijifunzia kupenda riwaya kwenye hadithi za mfululizo magazetini, unanunua gazeti na kabla hujafika kichwa cha habari umeshafungua kule ndani ujue jana iliishia wapi. Turudishieni hiyo, mara moja kwa wiki, na muiweke hukohuko kurasa za michezo, waandike waliofundisha ngumi, riadha, netiboli, mpira wa mchangani. Mi sura za mwanzo zipo tayari zimeshachapwa, ntazileta mwenyewe ofisini kwenu, nambieni tu ukurasa wenu unabeba maneno mangapi nizipunguze.

Mwalimu wa michezo mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam