Wamaya hawakutoweka, na Baghdad haikuwa ghala la Wayunani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie sentensi mbili ambazo nimezikuta mara nyingi mno katika makala za historia na katika vitabu vya kiada, hata sasa zinapita bila mtu kuzihoji. Ya kwanza husema kwamba dola za Kiislamu zilihifadhi elimu ya Wayunani mpaka Ulaya ilipokuwa tayari kuirithi. Ya pili husema kwamba Wamaya, watu wa Mexico na Amerika ya Kati, walitoweka. Kila moja ina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu zimedumu. Lakini zote mbili zinawapokonya watu sifa ya kazi waliyoifanya kwa akili zao wenyewe.

Nianze na hiyo ya kuhifadhi. Dola ya Bani Umayya, iliyotawala kutoka Dameski tangu mwaka 661 hadi 750, ilienea kutoka Hispania hadi Asia ya Kati kabla haijatimiza miaka mia moja. Upana huo peke yake usingezaa elimu yoyote. Kilichofungua njia, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa Khalifa Abd al-Malik, mwishoni mwa karne ya 7, wa kukifanya Kiarabu kuwa lugha ya daftari za serikali na kupiga sarafu zenye maandishi ya Kiarabu matupu, kwani tangu hapo karani wa Misri, mfanyabiashara wa Basra na msomi wa Khurasan walikuwa na lugha moja ya kuandikiana. Bani Abbas walipotwaa utawala, na al-Mansur akaanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762, lugha hiyo ilipata mwenzi wake: karatasi, ufundi wa Kichina uliopitia Samarkand na kufika Baghdad kabla karne ya 8 haijaisha. Ngozi ya mnyama ilikuwa ghali na mafunjo yalichakaa upesi. Karatasi iliwezesha kitabu kunakiliwa mara nyingi na kufika mbali, jambo ambalo nitalirudia.

Waliotafsiri katika mji huo hawakuwa watunza ghala. Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo aliyetoka al-Hira, alitafuta nakala kadhaa za kitabu kimoja cha Galen, tabibu mashuhuri wa Kiyunani wa kale, akazilinganisha, akasahihisha matini ya Kiyunani kwanza, ndipo akatafsiri kwa Kisuriani au Kiarabu. Thabit ibn Qurra, mwanahisabati mkubwa, alikuwa Msabii wa Harran, mfuasi wa dini ya kale iliyoheshimu nyota. Ustaarabu tunaouita wa Kiislamu uliwakusanya Waislamu, Wakristo, Wayahudi na wengine, Waarabu na Waajemi, na haupungukiwi heshima kwa kulisema hilo wazi.

Isitoshe, waliosoma tafsiri hizo hawakuzipokea kwa kuinamisha vichwa. Al-Razi, aliyekuwa tabibu katika mji wa Rayy na Baghdad, aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Galen, na kingine kinachoeleza tofauti kati ya ndui na surua. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, aliikataa dhana ya kale kwamba jicho hutoa miali yake ili lione. Alionyesha kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na akaithibitisha hoja yake kwa majaribio ambayo mtu mwingine angeweza kuyarudia. Ibn al-Nafis, tabibu wa karne ya 13, alimpinga Galen waziwazi kuhusu damu kupenya katika ukuta wa katikati ya moyo, akaeleza kwamba damu hupitia mapafuni kabla ya kufika upande wa pili. Mtu aliyekabidhiwa mali kuitunza haifanyii hivyo. Hawa walikuwa wakibishana na wakuu wa zamani kama mtu abishanavyo na mwenzake.

Halafu yuko al-Khwarizmi, ambaye kwake nasita kupita haraka. Kitabu chake cha aljebra, kilichoandikwa Baghdad wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, kina sehemu ndefu inayohusu kugawa mirathi, kwa sababu sheria ya mafungu ya warithi ilihitaji hesabu sahihi na haikubali makadirio. Mahitaji ya dini yalivuta hesabu nyingine pia: mwelekeo wa kibla kutoka mji wowote, nyakati za sala, kuandama kwa mwezi. Al-Khwarizmi aliandika vilevile kuhusu tarakimu za Wahindi, pamoja na ile alama ya nafasi tupu ambayo Waarabu waliiita sifr. Sisi tunaotumia Kiswahili tunalitamka neno hilo kila siku tunaposema sifuri, kama tunavyosema hesabu, kitabu na karatasi.

Sifuri ndiyo inayonipeleka kwa Wamaya, kwa kuwa nao waliifikia, upande wa pili wa bahari, bila kufundishwa na Mhindi wala Mwarabu. Tarakimu zao zilihitaji alama tatu tu: nukta kwa moja, mstari kwa tano, na umbo lenye sura ya kombe kwa sifuri. Walihesabu kwa ishirini ishirini, na thamani ya alama ilitegemea mahali ilipowekwa. Walikuwa na kalenda ya siku 260 ya mambo ya ibada na nyingine ya siku 365, na juu ya hizo hesabu ndefu ya siku iliyoanzia mwaka 3114 kabla ya Kristo, iliyowawezesha kuchonga katika jiwe tarehe isiyoweza kuchanganywa na nyingine yoyote.

Wasomaji waniwie radhi nikikaa kidogo kwenye jedwali moja, lililomo katika kitabu chao kinachotunzwa Dresden, Ujerumani. Jedwali hilo linafuata nyota ya Zuhura. Wamaya walijua kwamba Zuhura hurudia mwendo wake kwa wastani wa siku 584, na kwamba mizunguko mitano ya namna hiyo hulingana na miaka 8 ya siku 365. Jedwali linaendelea hadi mizunguko 65, yaani siku 37,960, na katika siku hiyo mwendo wa Zuhura na zile kalenda mbili za siku 365 na 260 hukutana: ni miaka 104 kamili ya siku 365, na ni mizunguko 146 kamili ya siku 260. Tena waliweka masahihisho kwa ile tofauti ndogo inayojilimbikiza. Hayo yalipatikana kwa macho matupu, na kwa vizazi vya waandishi waliokabidhiana kumbukumbu zao.

Hawakuwahi kuwa na dola moja kama ile ya Baghdad. Walikuwa na miji iliyojitawala, kila mmoja na mfalme wake: Tikal, Calakmul, Palenque, Copán na mingine mingi, ambayo ilistawi hasa kati ya mwaka 250 na 900 katika nchi tunazoziita leo Guatemala, Mexico, Belize na Honduras. Walijenga mahekalu marefu bila zana za chuma na bila mnyama wa kubeba mizigo. K'inich Janaab Pakal alishika ufalme wa Palenque mwaka 615 akiwa na umri wa miaka 12, akatawala hadi alipofariki mwaka 683, na kaburi lake lilipofunguliwa chini ya hekalu mwaka 1952 liliwashangaza wataalamu waliokuwa wakidhani kwamba piramidi za Amerika hazikuzikiwa mtu.

Sisemi kwamba utukufu huo, wa huku au wa kule, ulikuwa safi. Miji ya Wamaya ilipigana vita virefu na mateka waliuawa katika ibada. Nao Wazanji waliotumikishwa karibu na Basra waliasi mwaka 869, na ilichukua hadi 883 kuwashinda. Atakayeandika sifa ayaandike na hayo.

Sasa, walitoweka? Miji ya nyanda za kusini iliachwa, polepole, kuanzia mwisho wa karne ya 8, kwa ukame, vita na kuvunjika kwa mamlaka ya wafalme. Lakini wakati huohuo Uxmal na Chichén Itzá zilikuwa zikistawi kaskazini. Mji wa mwisho wa Wamaya uliojitawala, Nojpetén, ulitekwa na Wahispania mwaka 1697, zaidi ya miaka 150 baada ya Wahispania kuiangusha dola ya Waazteka. Na leo mamilioni ya watu huzungumza lugha za Kimaya zipatazo 30, miongoni mwazo K'iche' na Kiyukateki.

Kilichotoweka ni vitabu. Mwezi Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, padri Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto. Vilivyookoka duniani kote na kujulikana leo ni vinne tu. Wamongolia nao walipoiteketeza Baghdad mwaka 1258 hasara ilikuwa kubwa, lakini nakala za karatasi zilikuwa zimekwisha kufika Cairo, Dameski na Córdoba, na katika karne ya 12 mfasiri Gerard wa Cremona alikuwa ameshatafsiri Qanun, kitabu cha tiba cha Ibn Sina, kwa Kilatini mjini Toledo, Hispania. Vitabu vya Wamaya, vilivyoandikwa juu ya magome ya miti ya jamii ya mkuyu na kupakwa chokaa, havikuwa na Toledo yao. Ili maandishi yao yaanze kusomeka tena, ilibidi tungoje hadi mwaka 1952, mtaalamu wa Kisovieti Yuri Knorozov alipoonyesha kwamba alama nyingi za Wamaya ni silabi, akitumia maelezo aliyoyaacha Landa huyohuyo, na hadi 1960, mtafiti wa Wamaya Tatiana Proskouriakoff alipothibitisha kwamba maandishi ya mawe yanataja kuzaliwa kwa wafalme, kutawazwa kwao na kufa kwao. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba mawe hayo yalihesabu siku tu.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wako, Mhariri, wanapogusa habari hizi, waandike kwamba wasomi wa Baghdad na Cairo walitafsiri, walisahihisha na waligundua. Na waandike kwamba miji fulani ya Wamaya iliachwa na vitabu vyao vikachomwa, ila wenyewe wapo, na baadhi yao sasa wanajifunza upya kuandika kwa alama za wahenga wao.

Wako katika kupenda historia,
Msomaji wa siku nyingi