Mbunge wa afya ya dunia aanzie Kibaigwa

Ndugu Mhariri,

Bunge la Bajeti likikaribia hapa Dodoma, huwa tunasikia wabunge wakisema wamejipanga kubeba ajenda ya afya ya kimataifa na usalama wa umma. Nia hiyo tunaiunga mkono kwa dhati. Kinachotusikitisha ni kwamba mara nyingi inaishia kwenye mchango wa dakika chache ukumbini na semina mbili tatu. Sisi tunaofanya kazi za afya ya jamii na usalama wa chakula Kanda ya Kati tunaomba nafasi tueleze kazi yenyewe inafanyikia wapi.

Tunaanza na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mazao kama mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliwadhuru watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Ilipofungua mpaka siku chache baadaye, ikadai cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Mbunge wa Kongwa, Chemba au Kondoa hana haja ya kwenda Geneva, makao makuu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kuitafuta afya ya dunia. Inapita Soko la Kibaigwa, soko kubwa la mahindi wilayani Kongwa, ikiwa imepakiwa kwenye malori.

Kuvu huanza shambani, hasa mwaka wa ukame mahindi au karanga zinapokomaa kwa shida. Huongezeka mazao yakianikwa juu ya udongo, na huongezeka zaidi yakifungwa kwenye magunia kabla hayajakauka vya kutosha; kwa mahindi, unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Sumu haifi kwa kupikwa, na punje inaweza kuwa nayo ilhali macho hayaoni ukungu wowote.

Upimaji nao una mtego wake. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Mkaguzi akichomeka bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia moja la juu, akachota kiganja, akapima, lori linaweza kupata cheti safi huku sumu imo ndani. Inatakiwa kuchota sehemu nyingi, juu, katikati na chini, kuchanganya, kusaga sampuli yote, na ndipo ipunguzwe kile kidogo kinachoingia kwenye kipimo. Ukipunguza kabla ya kusaga, umeshaharibu jibu.

Sasa tazama swali ambalo limezoeleka bungeni: "Je, Serikali ina mpango gani wa kudhibiti sumukuvu?" Jibu lake linajulikana kabla Waziri hajasimama: Serikali inaendelea kutoa elimu kwa wakulima. Swali lenye meno lingekuwa hivi: "Kati ya Mei na Agosti mwaka jana, ni sampuli ngapi za mahindi zilipimwa sumukuvu Kibaigwa, ngapi zilizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na shehena hizo zilipelekwa wapi?" Hapo Waziri atatoa namba, au itabidi aseme hazipo, na majibu yote mawili yanabaki kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Maswali mawili ya nyongeza yaandaliwe mapema, moja la namba zikiwepo na moja la zikikosekana. Hilo la shehena kupelekwa wapi lisiachwe kamwe, kwa sababu mahindi yaliyokataliwa mpakani yasipofuatiliwa yanarudi kwenye mashine za kusaga za mitaani kwetu.

Swali liende pia kwa anayehusika. Tangu 2019 usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS), chini ya wizara yenye dhamana ya viwanda. Lakini afisa afya anayekagua ghala la kijiji, na afisa ugani anayemfundisha mkulima kuanika kwenye turubai, wako kwenye halmashauri, chini ya TAMISEMI, wizara yenye Fungu 56 la bajeti. Anayemuuliza Waziri wa Afya peke yake, Fungu 52, atajibiwa kwa upole na hatapata kitu.

Kwenye kamati, randama, yaani kitabu cha maelezo ya bajeti ya wizara, isomwe mstari kwa mstari. Kwa kila kifungu cha ufuatiliaji wa magonjwa na maabara, zitafutwe namba tatu: zilizotengwa mwaka jana, zilizotolewa, na kiasi gani kati ya hizo kilikuwa fedha za nje. Namba ya tatu ndiyo inayotutia hofu. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake, na shughuli nyingi za afya zilizoitegemea zikayumba. Azimio la Abuja la viongozi wa Afrika la 2001 linataka asilimia 15 ya bajeti iende afya, na mbunge ana haki ya kuuliza tuko wapi leo. Akishika shilingi ya Waziri, yaani akizuia bajeti yake isipite hadi apate maelezo, basi asiirudishe kwa ahadi ya jumla. Aombe kiasi, jina la halmashauri na tarehe.

Magonjwa ya mlipuko yanadai umakini wa namna hiyo hiyo. Mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg uliotangazwa hapa Dodoma Januari 20, 2025, baada ya wagonjwa kupatikana Biharamulo mkoani Kagera, ulikuwa na watu 10, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa maabara, na wote walifariki. Wanane walikuwa wameshakufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Kanuni za Afya za Kimataifa zinataka tukio likishatathminiwa WHO ipewe taarifa ndani ya saa 24. Kwa hiyo mbunge aombe tarehe nne za kila mlipuko: mgonjwa wa kwanza kuumwa, ugonjwa kugunduliwa, taarifa kutolewa, na hatua za awali kukamilika. Pengo kubwa kati ya mbili za kwanza linaonyesha tatizo liko zahanati na kwenye usafirishaji wa sampuli. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, tatizo liko ofisini.

Kanuni hizo zilirekebishwa, na marekebisho yakaanza kutumika Septemba 19, 2025 kwa nchi ambazo hazikuyakataa, bila kuhitaji azimio la kuridhia. Yanataka kila nchi iwe na mamlaka ya taifa ya kuratibu utekelezaji. Ni chombo gani kwetu, na kina bajeti gani? Hilo linaweza kuulizwa kesho.

Mkataba wa WHO wa Pandemia, yaani wa magonjwa yanayoenea dunia nzima, uliopitishwa Mei 20, 2025 ni habari nyingine. Huo unahitaji kuridhiwa, na Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi hiyo. Kiini chake kwa nchi kama yetu ni kiambatisho cha kugawana vimelea vya magonjwa na manufaa yatokanayo navyo: tukitoa sampuli, tunapata nini? Mkataba unalenga viwanda vitakavyoshiriki viiwezeshe WHO kupata asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vinavyozalishwa wakati wa pandemia, angalau asilimia 10 ikiwa ni msaada. Kamati idai maandishi ya kiambatisho pamoja na azimio, na iwaite wataalamu wa maabara zetu kabla ya kupiga kura.

Mavuno ya kanda hii yanaanza Mei. Maswali ya Kibaigwa yapelekwe kwa Katibu wa Bunge sasa, ili majibu yatoke kabla magunia hayajafungwa.

Wasomaji wenu,
Wataalamu wa afya ya jamii na usalama wa chakula,
Dodoma