Aliyeninyima usingizi hakuwa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa burudani uliwasifia wasomaji tamthilia ya Kimarekani, American Horror Story: Asylum, mkaieleza kuwa ni ya hospitali iliyojaa vichaa wa kutisha. Mimi nimekuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka 26. Sasa nimestaafu, muda wa kutazama ninao. Mpwa wangu alinikopia msimu mzima kwenye flashi, vipande 13, nikavimaliza kwa usiku nne. Usingizi nilikosa kweli, ila aliyeninyima hakuwa mgonjwa.

Hadithi yenyewe, iliyoanza kurushwa Oktoba 2012, inatupeleka 1964 katika jengo liitwalo Briarcliff, jimbo la Massachusetts, linaloendeshwa na Kanisa Katoliki. Hebu tuwahesabu wabaya wake. Dokta Arden, anayewakatakata wagonjwa kwa majaribio yake, ni Mnazi aliyejificha (James Cromwell alipata tuzo ya Emmy kwa kumwigiza). Shetani naye kajificha ndani ya mtawa mpole kuliko wote. Na yule muuaji anayechuna wanawake ngozi, mnisamehe ambao hamjaiona, ni Dokta Thredson, mtaalamu wa akili aliyetumwa na mahakama kumpima mtu mwingine kwa makosa yake yeye. Wote hao jioni wanatoka kwa mlango wa mbele.

Wagonjwa je? Pepper, yule mwenye kichwa kidogo ambaye mtazamaji humwogopa kwa sura tu, kabebeshwa mauaji ya mtoto aliyeuawa na shemeji yake. Mahakama ilimtazama usoni ikaridhika. Kit, yule aliyeletewa Thredson ampime, hakumuua mke wake. Grace, ndiyo, aliua, siwezi kuwatetea wote. Lakini mkipiga hesabu, mle ndani ni salama zaidi kulala karibu na mgonjwa kuliko karibu na daktari.

Kilichonifanya nisimamishe flashi niende kunywa maji hakikuwa na damu. Mwandishi wa habari, Lana, anaingia Briarcliff kwa kisingizio cha kuandika habari za mkate unaookwa pale. Anachimba, anajua mengi, hatoki tena. Sista Jude, mtawa anayesimamia Briarcliff, anamwendea Wendy, mwalimu wa shule anayeishi na Lana kama mke na mume, anamtisha kwamba atamwaga siri yao, na Wendy anatia saini karatasi ya kumlaza Lana. Marekani ya wakati ule mapenzi ya namna hiyo yaliorodheshwa katika kitabu cha madaktari wa akili kama ugonjwa, yalifutwa 1973. Basi karatasi moja, kalamu moja, mtu mzima na akili zake akawa mgonjwa.

Karatasi hiyo naijua. Kituo nilichokuwa nikifanyia kazi, aliletwa dada mmoja na kaka zake wawili. Walisema anatukana wazee na halali usiku. Baadaye sana ndipo tukasikia kuna kiwanja alichoacha baba yao. Dada yule alikaa kwenye benchi, kavua viatu kavipakata, anafuta tope kwa pindo la khanga, taratibu, kiatu kimoja kisha kingine. Akaniuliza, "Sista, nikigomba mtaandika ugonjwa. Nikinyamaza mtaandika nini?" Nikaandika kwamba amenyamaza. Alikaa nasi siku 11. Faili lake lina mwandiko wangu.

Wasije wakasema ni uzushi wa Hollywood. Mwaka 1887 mwandishi Nellie Bly alijifanya mgonjwa akalazwa siku kumi katika hospitali ya wendawazimu ya Blackwell's Island, New York, na akaandika kwamba kadiri alivyozungumza kama mtu timamu ndivyo walivyozidi kumwona mgonjwa. Mwaka 1972 kamera ya mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera iliingia Willowbrook, taasisi ya Staten Island, New York, ikakuta watoto wenye ulemavu wa akili wako uchi sakafuni. Lana anayerudi Briarcliff na kamera mwishoni mwa msimu ametoka huko, na pale tamthilia inanyooka vizuri.

Inapopotoka ni kwenye kujaza. Mnazi, shetani, na bado wakaongeza viumbe wa angani! Na ile tiba ya umeme wanayoionyesha imefanya kazi yetu kuwa ngumu. Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi na kulegezwa misuli kwanza, lakini mwambie hivyo mama aliyeona Lana akipigwa umeme macho yakiwa wazi kwa amri ya Sista Jude. Jude mwenyewe baadaye alifungiwa mle mle, akapigwa umeme ule ule, na hakuna aliyemsikiliza.

Huku kwetu mtu akikosea nauli kwenye daladala anaambiwa arudishwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, abiria wanacheka. Gazeti halina haja ya kuchochea. Andikeni "wagonjwa", nafasi ipo. Na mwandishi wa safu ile akipenda namkopia flashi, maana siri ya Thredson inafichuka kipande cha tano na naona yeye hakufika huko.

Muuguzi mstaafu,
Iringa