Kwako mdogo wangu unayetaka kuikimbia algebra

Mdogo wangu, salaam. Ile sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa jeti, pale boti zinapofunga, nasubiri mzigo, kelele tupu sikupata kitu, ila swali nimelishika: ringi (vitu vyenye kujumlisha, kutoa na kuzidisha) umeielewa, sasa mwalimu anakuja kuondoa kutoa, kitu anakiita semiringi, eti ya nini? Na unataka kuhamia biashara. Sawa hama, lakini si kwa hili, maana hili unalijua tangu utotoni.

Panda boti Mokowe, huku bara. Tuseme mpaka Amu, mjini Lamu, dakika 30, halafu Shela kwa boti 10, kwa miguu 40. Ukiunga safari mbili unajumlisha dakika, ukipata njia mbili unashika ndogo. Basi kule kushika ndogo ndiko tunakuita "kujumlisha", na kule kujumlisha dakika ndiko "kuzidisha". Najua inachanganya, hata mimi nilikaa nayo siku nyingi. Sasa uamue boti au mguu ukishashuka Amu, au upige hesabu ya safari zote tangu Mokowe, 40 na 70, ushike ndogo, jibu ni lile lile 40. Hiyo ndo sheria ya kufungua mabano mliyokaririshwa! Sifuri yake ni infiniti, yaani hakuna chombo, na moja yake ni 0, yaani umekaa ulipo. Kutoa hakuna kwa sababu njia ya dakika 10 ikishakuwepo hamna njia utakayoiongeza ikaifuta.

Hii wanaiita semiringi ya tropiki, Wafaransa waliipa jina kumuenzi mwanahisabati Imre Simon wa São Paulo, Brazili. Neno semiringi lenyewe ni la mwanahisabati Vandiver, 1934.

Sasa moduli, na hapa ndo penye utamu. Ringi usiitazame peke yake, tazama inasukuma nini: moduli ni vitu unavyoweza kuvijumlisha wenyewe kwa wenyewe na kuvizidisha kwa namba za ringi. Moduli za namba kamili ni makundi ya Abeli (vitu vya kujumlisha na kutoa, kipi kianze haijalishi) basi, hakuna za ziada. Ukishuka kwa namba asilia, zisizo na hasi, unapata monoidi zinazobadilishana, vitu vya kuongeza bila kurudisha. Na kwa boti zetu semimoduli, yaani moduli ya semiringi, ni orodha ya dakika za kufika kila jeti: Amu, Shela, Matondoni. Boti ikichelewa Mokowe dakika 15 ikingoja abiria (na itachelewa), unaongeza 15 kwenye orodha yote, huko ndo kuzidisha kwa skala, yaani kwa namba ya semiringi. Boti mbili, unashika ndogo ya kila jeti.

Ila jihadhari na kerneli, yaani vile vyote vinavyopelekwa sifuri, mimi hapo niliangusha mtihani. Kwenye moduli kerneli ikiwa sifuri tu unajua hakuna viwili vilivyoangukia pamoja. Hapa wapi! Chukua kazi (fanksheni) ya kushika ndogo kati ya mbili: (10, 40) inatoa 10, (10, 70) pia 10, na kinachokwenda infiniti ni (infiniti, infiniti) peke yake. Kerneli safi kabisa na bado vimegongana. Ndo maana wanatumia kongruensi, yaani unaandika nani kaungana na nani, si nani kaenda sifuri.

Chora jedwali la dakika toka kila jeti hadi kila jeti, ongeza Mtangawanda ya kisiwa cha Pate, kwa hesabu hii hii lizidishe lenyewe kwa lenyewe mara mbili tatu uone njia fupi zinavyojitokeza, unitumie picha. Maji yakipwa pale mlango wa Mkanda boti zinapopita, weka infiniti, au dakika za kuzunguka nje kama una moyo.